Mwenye Hacheki Apite Mbele

Hapana, yake siigi. Musiniombe. Nawajua ninyi, mumemaliza kuchambua maharagi, mumefuta mikono ku kitenge, sasa munaniangalia kama watoto wenye kungoja sukari, na nani hapa ataanza: "Mama, leo utuletee ule muzee wa ng'ombe." Ya muganga nitaiga. Ya mama wa listi nitaiga mupaka mujikojolee. Ya pasta mwenye kukohoa nitaiga, Mungu atanisamehe, amezoea. Lakini ya Veterineri, hapana. Maneno alisema nitawaambia yote, na mudomo yangu hii ya kila siku, kama vile mutu anafikisha salamu ya mwengine. Sauti yake niliiacha mahali.

Na tena hamumujui. Hapa Katoyi, mu muji, hakuna mutu anamujua, njo shida yangu. Naiga watu ambao hamukuwaona hata siku moja. Munacheka sauti, sura hamuna. Kule Kibati, mu kambi, nikifungua mudomo watu walikuwa wanageuka kuangalia kama mwenyewe amefika. Hapa ni mimi peke yangu najua kama nimeiga vizuri ao vibaya. Sha, hiyo ni upweke ya ajabu, hata jina haina.

Basi. Tulimuita Veterineri. Jina yenye mama yake alimupa sikuiuliza, na yeye yangu hakuiuliza. Aliniita mukecuru, vile ku Kinyarwanda wanaita bibi muzee, na yeye mwenyewe alikuwa muzee kunipita. Kule juu, ku milima ya Masisi, alikuwa mwenye kudunga ng'ombe sindano. Si dokta. Dokta wa ng'ombe alikuwa mwengine, yeye alimubebea mufuko miaka na miaka, mupaka dokta akakufa na mufuko ikabaki kwake. Vita ilipofika alikimbia nayo. Ndani ni chupa tupu zinagongana, kling, kling, ila moja ilibaki na kidogo ya dawa ya bluu, ile ya kupakaa ng'ombe ku kwato.

Shitingi yake na yangu, zile hema za plastiki, zilikuwa zinagusana. Tuligawana ukuta, kama karatasi ya plastiki ni ukuta. Nikijinyoosha upande yangu, yeye anasema upande yake, "Mukecuru, umenipiga kiwiko." Asubui ananiambia vile. Mangaribi vile. Njo ilikuwa salamu yake. "Habari" hakujua kusema.

Alivaa kofia na koti ya kaki hata jua ikiwaka, na boti za mupira, zile nyeusi za kuingia nazo mu kiraro ya ng'ombe. Ya kushoto alikuwa anavua, anakungutia mawe ndani. Ya kuume, hapana. Siku ile tulifika Kibati alikanyaga jiwe ya volkano, ile yenye makali kama chupa imevunjika, ikapasua boti na ikaingia mu muguu. Alijipakaa dawa ya bluu, akafunga kitambaa, akarudisha boti. Kidonda kiliingia naye mu kambi, kikajenga naye.

Mutasema: juu ya nini hakuenda ku posti ya afya, na posti ilikuwa pale, shitingi kubwa nyeupe, dawa ni bure? Ngojeni. Bure ni ya mwenye karti ya listi. Bila karti haupewi jetoni, na bila jetoni haupiti mulango. Jetoni, zile namba za kuingia, zilikuwa karante, makumi ine, ku siku, na sisi wenye kufika tulikuwa hatuhesabiki. Sasa siku ya kuandika watu ku listi, mama mumoja alianza uchungu pale nyuma yetu, mutoto amekaa vibaya. Veterineri aliweka mukono ku tumbo, akasema hii si ya hapa. Wakamulaza ule mama ku tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, juu ya magodoro mbili, na muzee akashuka naye mupaka hospitali kubwa mu muji, mukono ku tshukudu, boti yenye kupasuka inavuta. Mutoto alizaliwa. Veterineri akarudi jua imeanguka. Mama wa listi alikuwa anafunga mashini yake, na kucha zake za rangi, tik, tik, tik:

"Papa, murafiki yangu, tumefunga. Uta-ngo-ja listi ijayo. Haya, pole."

Listi ijayo! Kila juma alienda ku biro. "Listi ijayo, papa." Juma ingine, "Papa, si nilikuambia? Ijayo." Ile ijayo ilikuwa inakuja kama mvua ya kwenye mulima ya wengine. Muweke ile mu kichwa: muguu mu boti, na karti hana. Yote nitawaambia sasa, muguu ilikuwa pale chini inangoja.

Vile alifika mbele ya mustari, hivi. Ilikuwa juma ya kwanza, tumepanga mustari toka asubui, mimi na tensioni yangu, presha ya damu, yenye kunipiga ngoma mu masikio. Veterineri hana jetoni, anatembea tu, mikono nyuma, anatuangalia kama tuko soko ya ng'ombe. Kulikuwa mama kijana wa upande wa Rutshuru, jetoni yake ya mwisho-mwisho, mutoto ku mugongo. Amefurahi. "Alilia siku mbili, saa hii amenyamaza, Mungu asifiwe, amelala." Veterineri akashika mutoto sikio, vile wanapima ng'ombe kama amepata baridi. Akafinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kitambaa. Hakusema samahani, hakusema mama nipe. Alichukua mutoto akaingia naye mu posti, akapita watu wote, na muganga, kijana wa Butembo mwenye kusema kama anakimbizwa na mbwa, tukamusikia:

"Papa! Papa-papa-papa! Hapa si kiraro! Jetoni ya kwanza ni ya kwanza! Ordre, papa, or..."

Akakatika katikati ya neno. Kisha tukasikia anaitana: "Seromu! Leteni seromu! Mbio!"

Wakamuwekea maji mu mushipa, mutoto akapona. Muganga akatoka nje, jasho inamutoka, akamuangalia ule muzee na koti yake. Hakumushukuru. Alichukua bidoni ya maji, ya manjano, akaigeuza, akaiweka kando ya mulango. "Papa, kaa hapo." Njo kiti yake ilikuwa, mwaka na zaidi. Kila asubui muganga anatoa kichwa: "Veterineri, leo nani?" Na yeye ananyosha fimbo yake ya ng'ombe: huyu, huyu, na ule kule.

Nilimuuliza anajuaje. Akaniambia ng'ombe mwenye kulia ako anaongea na wewe, anataka kitu, atangoja. Ule mwenye ananyamaza na anasimama pembeni, peke yake, huyo ameanza kuenda, umukimbilie. Na watu ni vile, akasema, ila watu wako na midomo mingi.

Sasa, mukimbizi si mujinga. Tulifahamu mbio. Juma ya pili, sha, mungetuona! Mustari yote kimya kama siku ya mafungo. Mama mumoja wa meno, mwenye kelele yake ilikuwa inafika mupaka ku ziwa, amefunga mudomo, amelegeza macho, anaegemea mwenzake kama mutakatifu ku picha. Mupaka watoto walifinywa wanyamaze. Veterineri alienda mustari, akarudi mustari, akakuja kwangu amekasirika.

"Mukecuru, wameniharibia."

"Ni wewe uliwafundisha."

Akafikiri. Akaniuliza kama ni kweli naiga watu, alikuwa amenisikia ku ukuta ya plastiki naiga pasta. Nikamuambia mimi nilichekesha watu ku matanga ya mama mukwe wangu, na maiti ako pale. Akasema, "Simama hapo mbele, uwachekeshe."

Njo kazi yangu ilianza. Nilianza na muzungu wa Himbi, ule mwenye kukuja na gari nyeupe kufundisha kunawa. Muzungu anasema dakika kumi, mikono inaruka, anainama, anasimama, anaweka mukono ku roho, karibu alie: "Blu-blu-blu-blu, very-very, blu-blu!" Na mwenye kumutafsiria, mwembamba, amechoka, mikono mu mifuko: "Anasema sabuni." Muzungu tena, dakika kumi, mupaka shingo inakuwa nyekundu. "Anasema tena sabuni."

Walicheka! Mama wa meno alicheka na meno yote, ile mbovu na ile nzima, utakatifu ikaisha. Na Veterineri hakuniangalia mimi hata kidogo. Aliwaangalia wao. Mwenye kucheka, fimbo inamupita. Mwenye kucheka nyuma ya wengine, amechelewa, anamukumbuka. Na mwenye kubaki vilevile, macho iko mbali kama nyumba yenye watu wamehama, fimbo inamugusa ku bega. "Wewe." Tangu ile siku njo ilikuwa sheria ya ule mulango: mwenye hacheki apite mbele.

Tulifanya ile kila asubui kama misa. Siku moja alipata binti, bibi ya mutu, kitenge amekifunga kwa nguvu mara mbili, anasimama miguu imebana. Nikaiga pasta mupaka mate inaruka, ule binti hakusikia. Fimbo ikamugusa, hakusonga. Baba mukwe wake alikuwa mu mustari ileile, nyuma yake, na muganga ni mwanaume, kijana. Atasema nini, mbele ya nani? Veterineri aliangalia chini, akaona alama ku udongo nyuma ya miguu yake. Akageuza bidoni yake, akatuonyesha mugongo. "Mukecuru, ingia naye wewe. Mimi sijaona kitu." Mimba ilitoka ku njia ya kukimbia, siku tisa nyuma, alikuwa anatembea nayo vile. Mimi njo nilimuambia muganga mu sikio. Akaandikiwa karatasi ya kushuka hospitali ile saa ile. Veterineri mupaka leo hajaniuliza ule binti alikuwa na nini.

Na siku ingine alikosea. Muzee mumoja hakucheka, akapitishwa mbele. Kesho hakucheka, akapitishwa. Siku ya tatu muganga akatoka naye amemushika mukono: "Veterineri, huyu mutu ako muzima kunipita! Ako kiziwi! Kiziwi, papa! Hasikii mama anasema nini!" Watu walilala chini. Veterineri hakukubali. Akasema, mutu mwenye hana masikio, hiyo si ugonjwa? Akakaa ku bidoni yake, akageuka upande ingine mupaka saa sita.

Vile alikuwa. Hakuwa mutu wa upole, musije mukamuweka ku dirisha ya kanisa. Mama akikuja na mutoto amepona, anataka kumuonyesha, yeye anasema, "Mumutoe hapa, anazibia wagonjwa." Sukari yake alificha mu soksi. Alikuwa anaweka mu chai vijiko tano, sita, na anakojoa kila saa, na kiu haimalizike, na mimi namucheka: "Muzee, unakunywa kama gari." Kama ningekuwa nimesoma ningejua ile ni nini. Sikusoma. Yeye alisoma ng'ombe, na ng'ombe hawawekewi sukari.

Alikula peke yake, uso ku plastiki. Watoto wake wako wapi, hakusema. Lakini nilisikia mangaribi anaita ng'ombe zake: Gaju. Bihogo. Taratibu, kama mutu anahesabu kama zote zimeingia. Zililiwa zote, alijua. Anaita tu.

Na vidonge! Ninyi munajua vile tunafanya vidonge sisi. Mutoto amepewa paketi moja ya malaria. Tukifika nyumbani baba anachukua mbili juu mugongo inamuuma, mama moja, dada moja ya kukinga, na mugonjwa anabaki na ile imebaki. Upendo ya nyumba, kugawana. Veterineri alipofahamu ile, alikuwa anapita shitingi kwa shitingi kila mangaribi. Hapigi hodi. "Fungua mudomo." Anaangalia chini ya ulimi, ku mashavu, vidole vyenye harufu ya tumbako mu mudomo ya mutu muzima! Pasta mwenyewe alifungua mudomo. Mimi pia, ya tensioni. Alisimamia watu wa Kibati wameze dawa zao mupaka ya mwisho, na yeye, mu boti, ni dawa ya bluu ya kwato.

Nilimusema. Musifikiri sikumusema. Nilimuambia, muganga ni kama mutoto yako sasa, umuambie akuangalie muguu nyuma ya mulango, nani ataona? Akajibu kila siku anarudisha nyuma watu wenye wanataka kupita sababu wanajulikana. Siku atapita yeye sababu anajulikana, kesho ile fimbo atainyosha kwa nani? Nikasema basi chukua karti. Bwana yangu aliandikwa ku listi mbele akufe. Alikufa, karti ikabaki, iko mu bibilia. Ingia na jina yake. Veterineri aliangalia ile karti, akanirudishia na mikono mbili, vile wanarudisha kitu cha heshima.

"Nikipona na jina yake," akasema, "nani atakuwa amepona?"

Nilicheka. Ninacheka sana mimi, munaona.

Sasa ninafika pale sipendi.

Sauti inaisha kama sabuni. Watu walichoka na muzungu, walichoka na muganga, hata mama wa listi na kucha zake alikuwa hawasogezi tena. Asubui moja nimesimama pale mbele, najaribu huyu, najaribu ule, wanacheka kwa adabu tu, na ile haisaidii, hauwezi kujua mugonjwa ni nani. Bidoni ilikuwa tupu. Veterineri alikuwa amesimama kule ku tanki ya maji, ameegemea. Nikakaa ku bidoni yake. Nikachukua fimbo yake. Nikashusha kitambaa yangu ya kichwa ku macho kama kofia yake, na nikamutoa. Yeye mwenyewe, muzima. "Fungua mudomo. Fu-ngua." Zile maneno mulizisikia saa hii zimelala, ile siku zilikuwa zimesimama na miguu. Kanisa haikujaa vile nilijaza ule uwanja. Watu walishikana. Muganga alitoka na glavu zake, akacheka mupaka akakaa chini ku mulango. Sijawahi kuiga mutu vizuri vile maisha yangu yote.

Kule ku tanki hakucheka. Nikasema, aha, watu wa ng'ombe na kiburi yao.

Siku ya pili, watu walikuja mapema, hata wenye hawana jetoni. Nikaongeza kutembea: muguu ya kuume inavuta, inavuta, kama mutu anakokota mbuzi mwenye hataki soko. Wanawake walilia machozi. Yeye alikuwa pale ku tanki, sasa amechuchumaa. Kutoka kule hakunyosha fimbo, fimbo nilikuwa nayo mimi. Nani alipita mbele ile siku, hata sijui. Nadhani ni jetoni.

Ya tatu, amekaa chini, peke yake, kofia imefunika macho. Mama wa meno akaniambia, "Muzee amenuna." Na mimi, mbele ya wote, na sauti yake, nikamutupia kutoka mbali: "Mukecuru, umenipiga kiwiko!" Watu, ha! Hakuinua kichwa. Nikasema atanuna mupaka sukari yake iishe, atarudi.

Siku ya ine bidoni ilibaki tupu. Niliongea ku ukuta ya plastiki, nikajinyoosha kwa makusudi, nikapiga kiwiko. Hakuna kitu. Kulikuwa harufu. Niliifikiria panya. Nikazunguka, nikaingia. Alikuwa amelala na koti, macho wazi, anaangalia juu, na mimi bila kufikiri nikafanya vile alikuwa anafanya yeye: nilimushika sikio. Baridi. Baridi kama jiwe ya ziwa.

Nikaita muganga, akakata ile boti na makasi. Ngozi ilikuja na mupira. Akamudunga kidole, akaangalia kimashini yake ya kupima sukari, akaniuliza polepole, mara ya kwanza namusikia anasema polepole: "Mama, alikuwa anakunywa maji mingi?" Kisha akaandika karatasi ya hospitali, akauliza, karti? Bila karti hospitali haitamupokea bure. Nilikimbia mu bibilia. Veterineri alinyosha mukono kama vile anakataa, lakini mukono haikufika. Akashuka ku muji na tshukudu, njia ileile alimupelekea ule mama wa uchungu, na jina ya bwana yangu mu mufuko.

Mbele ya juma mbili kuisha, kambi ilivunjwa. Munajua vile ilikuwa, kila mutu na shitingi yake ku kichwa, huku, kule. Posti ikakunjwa, muganga akaenda na kibarua chake. Mama wa listi sikumuona. Pengine ako anaandika listi ijayo. Mimi nikaletwa hapa Katoyi, kwa huyu mukwe wa binamu, mu hii chumba ya nyuma, Mungu amubariki, hata kama haniongeleshe.

Nilipopata nguvu ya kutembea nikaenda hospitali. Nikauliza Veterineri. Ku mulango wakaniambia hapa ni watu, si mifugo. Basi ilibidi niseme jina. Mimi, mujane, nikasimama ku dirisha ya hospitali nikauliza bwana yangu kama yuko. Musichana akafungua kitabu, akapitisha kidole. "Ee, mama. Huyu alitoka. Alipona." Nikarudi mupaka Katoyi na miguu nikibeba ile neno. Alipona. Nani alipona?

Miezi ikapita. Nilikuwa nauzisha mafagio, mara moja moja nafika Himbi, ku zile nyumba za ukuta mirefu na maua. Siku moja nimepita ku mulango ya chuma, nasikia nyuma ya ukuta mutu anasema: "Gaju. Polepole, Gaju." Mafagio ilinianguka.

Mukubwa mumoja wa Himbi alikuwa anafuga ng'ombe mbili pale, za maziwa ya watoto wake. Na Veterineri ako kando ya kiraro, ku bidoni. Manjano tena, angalia Mungu na michezo yake. Koti ileile. Magongo mbili ku ukuta. Boti moja, ya kushoto, imesafishwa.

"Mukecuru," akasema. Ile tu.

Alinikamulia maziwa mu kikombe, akanipa na mikono mbili. Nikakunywa. Nikamupa karatasi ya sukari nilikuwa nimenunua ku njia, kisha nikakumbuka, nikairudisha mu kitenge. Yeye akageukia ng'ombe. Ninyi munajua mimi na kimya. Nikaanza kusema: mama wa meno meno ilitoka zote, pasta amepata kanisa Kibati, kikohozi kimefungua tawi. Nikamuletea muganga: "Papa-papa-papa, or..." Alikuwa anaangalia ng'ombe. Nikamuletea mama wa listi, kucha zote kumi, "Listi ijayo, papa." Ng'ombe njo iliniangalia. Nikaona kama mutu anazama, atashika hata jani. Nikasema atacheka tu, nimutolee ile watu walipenda kupita zote. Nikajinyoosha pale ku mawe, na sauti yake, nzuri, kamili, kama ile siku: "Mukecuru, umenipiga kiwiko!"

Alingoja nimalize. Hakukasirika. Alinishika sikio, hivi, na vidole mbili, akaliachia. Kisha akasema, na hii naisema na mudomo yangu:

"Siku tatu sikucheka, mukecuru. Fimbo ulikuwa nayo wewe."